Katori Shinto-ryu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu historia ya chuo kikongwe cha upanga cha Japani

Maswali haya nimeyakusanya kwa wenzangu wa dojo (ukumbi wa mazoezi), kwa vijana wanaokuja kutazama mazoezi, na kwa watu wanaonitumia ujumbe baada ya kuona kipande cha video. Hurudiwa kila mwezi, nikaona niyajibu mahali pamoja. Mimi nimelelewa na karate. Chuo cha Katori nimekijua ukubwani, na sifichi kwamba nakipenda. Jibu likikupeleka kwenye swali jingine, fuata namba.

## Mambo ya mwanzo

1. Katori Shinto-ryu ni nini?

Ni chuo cha kale cha Kijapani cha mafunzo ya vita. Upanga ndio mlango wake, lakini ndani mna fimbo, mkuki, naginata (mpini mrefu wenye upanga uliopinda kichwani), mieleka ya kivita, na elimu ya kupanga vita na kujenga ngome. Kiko Katori, katika mkoa wa Chiba, mashariki ya Tokyo. Ndege ikikushusha Narita, umeshakaribia.

Kinahesabiwa miongoni mwa vyuo vikongwe kabisa vya upanga ambavyo mnyororo wake haujakatika. Kilianza katikati ya karne ya 15, na tangu hapo kimekuwa mikononi mwa ukoo mmoja, ukoo wa Iizasa. Mkuu wa 20 ni Iizasa Yasusada. Zaidi ya miaka 570 kwa wakuu 20: kila mmoja amekibeba kwa wastani wa miaka 28 na ushei.

Neno ryu, ambalo wengi hulitafsiri “shule”, maana yake ya asili ni mkondo wa maji. Humu nitasema “chuo”, kwa maana ileile tuliyoizoea pwani: mahali mtu anapomkalia mwalimu mmoja kwa miaka.

2. Jina lake kamili ni lipi, na lina maana gani?

Tenshin Shoden Katori Shinto-ryu. Katori ni jina la mahali na la hekalu. Shinto-ryu ni mkondo wa njia ya miungu. Tenshin Shoden ni madai ya asili: kwamba mafunzo haya ni ya kweli na yalishuka kutoka juu, kwa mungu wa hekalu hilo (swali la 5). Kwa kawaida watu hufupisha na kusema Katori Shinto-ryu.

3. Kinatofautianaje na karate, judo na kendo tunazozijua?

Kwanza ni umri. Judo iliasisiwa na Kano Jigoro mwaka 1882. Karate ni ya Okinawa, na Funakoshi Gichin aliionyesha Tokyo mwaka 1922. Kendo, ile ya kupigana kwa mianzi na kuvaa kinga za kichwa na kifua, ilichipuka karne ya 18. Chuo cha Katori kwa mapokeo yake kilianza mwaka 1447, yaani miaka 435 kabla ya judo. Wajapani wana neno la kutenga vyuo vya namna hii, koryu, yaani mikondo ya kale iliyoanza kabla ya mageuzi ya Meiji ya mwaka 1868, yaliyomrudishia mfalme utawala.

Pili ni lengo. Sisi wa karate tuna mikanda, mitihani ya rangi, na mashindano ya pointi. Katori hakuna mkanda wa rangi wala mashindano. Mashindano yenyewe yamekatazwa kwa kiapo (swali la 16). Kilichopo ni kata, yaani pigano lililopangwa hatua kwa hatua, la watu wawili wenye silaha za mti, linalorudiwa miaka na miaka.

## Mwanzilishi na visa vyake

4. Nani alikianzisha?

Iizasa Ienao, anayejulikana zaidi kwa jina lake la utawa, Choisai. Mapokeo ya chuo yanasema alizaliwa mwaka 1387 katika kijiji cha Iizasa, nchi ya Shimosa, ambayo leo ni sehemu ya Chiba. Alikuwa mpiganaji wa upande wa ukoo wa Chiba, na sifa zake za upanga na mkuki zilimtangulia vitani.

Zama zake zilikuwa chungu. Mwaka 1455 nyumba kuu ya Chiba iliangushwa, tena na jamaa zake wenyewe, na bwana wao Chiba Tanenao akajiua. Mwaka 1467 vikazuka vita vya Onin, vilivyoichoma Kyoto kwa miaka kumi na kuisukuma Japani kwenye zaidi ya karne nzima ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ienao aliyaona yote hayo. Nyumba kubwa ilikuwa inaweza kuwepo asubuhi na jioni isiwepo, mpaka mtoto wa mwisho. Ukilishika jambo hilo, utaelewa kwa nini chuo chake kimekaa kilivyokaa.

5. Kisa cha farasi na mti wa plamu ni kipi?

Inasimuliwa kwamba siku moja mtu wa Ienao alimwosha farasi kwenye chemchemi iliyo karibu na hekalu la Katori. Maji yale yalikuwa matakatifu. Farasi akaanguka akafa. Ienao, aliyekwisha kuona maiti nyingi vitani, alitetemeshwa na kifo kile cha mnyama mmoja, akasadiki kwamba mahali hapo pana nguvu.

Akiwa na umri wa takriban miaka 60 aliiacha dunia, akajitenga kwenye kilima cha Umeki, jirani na hekalu. Kwa siku 1,000 alijitakasa, akaomba, na akafanya mazoezi mchana na usiku. Siku 1,000 ni karibu miaka mitatu kasoro, mvua na theluji humohumo. Mwisho wake, Futsunushi, mungu wa Katori, akamtokea kwa sura ya kijana mdogo ameketi juu ya mti mkongwe wa plamu. Akamkabidhi gombo la mafunzo ya vita na kumwambia kwamba atakuwa mwalimu wa watu wote wa upanga walio chini ya jua.

Watu huniuliza kama naamini. Ninachoamini ni zile siku 1,000. Mzee wa miaka 60 aliyepigana ujana wake wote akakaa miaka mitatu peke yake akipanga upya kila alichokijua: hapo chuo kinaweza kuzaliwa.

6. Je, tarehe hizi ni za kuaminika? Aliishi kweli miaka 101?

Mwaka wa kuzaliwa, 1387, na wa kuanzisha, 1447, ni wa mapokeo ya chuo chenyewe. Kifo chake kimewekwa mwaka 1488. Kwa hesabu yetu ni miaka 101; kwa hesabu ya zamani ya Kijapani, ambapo mtoto huanza na mwaka mmoja siku anayozaliwa, ni 102. Ndiyo maana utakutana na namba zote mbili.

Ukitaka kumweka mahali unapopajua: Ienao alifariki miaka 10 kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi. Wareno haohao, walioipiga Kilwa na Mombasa mwaka 1505, ndio waliofika kisiwa cha Tanegashima mwaka 1543 na kuwapa Wajapani bunduki zao za kwanza, zile za utambi. Kwa hiyo chuo cha Katori ni cha kabla ya bunduki kuingia Japani. Kila hatua yake inamfikiria adui aliyevaa deraya na kushika chuma.

7. Kwa nini Katori, na si mahali pengine?

Kwa sababu pale ndipo palipokuwa nyumbani kwa mungu wa upanga. Katika simulizi za kale za Japani, Futsunushi na mwenzake Takemikazuchi ndio waliotumwa kutoka mbinguni kuituliza nchi. Futsunushi ana hekalu Katori. Takemikazuchi ana lake Kashima, ng’ambo ya mto Tone, katika mkoa wa Ibaraki. Mahekalu haya mawili huenda pamoja kama mapacha, na wapiganaji wa mashariki walikuwa wakienda kuyazuru kabla ya vita. Mikondo mingi ya upanga imetoka kwenye kipande hicho kidogo cha nchi.

8. Nimesikia kisa cha kukaa juu ya mianzi. Kinasemaje?

Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Watu wenye upanga walikuwa wakimjia Ienao kutaka kupigana naye, maana kumshinda mtu mashuhuri kulikuwa njia ya haraka ya kupata jina. Ienao hakukataa kwa maneno. Alimkaribisha mgeni, kisha akaenda akaketi juu ya kumazasa, mianzi mifupi ya majani mapana, yenye vijiti vyembamba vinavyolala hata paka akipita. Akakaa juu yake na mianzi isipinde. Halafu kwa upole akamwambia mgeni: karibu, keti nawe hapa. Mgeni akatazama ile mianzi, akamtazama mzee, akaaga.

Chuo hukiita kisa hiki fundisho la mianzi, na hukiambatanisha na msemo wa Ienao: heiho wa heiho nari. Kwa sikio ni neno moja limerudiwa. Kwa maandishi ni maneno mawili: heiho la kwanza ni njia ya vita, la pili ni njia ya amani. Njia ya vita ni njia ya amani. Kumshinda mtu bila kumkata ndiko kulikowekwa juu. Ukimkata umeshinda kwa daraja la chini.

## Jinsi mnyororo ulivyodumu

9. Vyuo mamia vilikufa. Hiki kiliponaje?

Jibu langu ni moja: kilikataa kuajiriwa. Walimu wengi wa upanga walikimbilia kuwa waalimu wa mabwana wakubwa, wakapata mshahara wa mchele, nyumba na heshima. Bwana akianguka, mwalimu naye, na chuo chake. Ukoo wa Iizasa ulishika usia wa kutomtumikia bwana yeyote. Walikaa kijijini Katori, chini ya kivuli cha hekalu, wakafundisha waliokuja, wakulima wakiwemo. Mabwana walipigana, wakapanda, wakashuka. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kwenda kuuchoma ule ukoo.

Sababu ya pili ni ule mwiko wa kupigana mapigano ya sifa. Mwalimu anayepigana kila anapochokozwa, siku moja atakutana na aliye hodari kuliko yeye, na kila alichokijua kitazikwa naye.

Halafu kuna hekima ndogo isiyosemwa sana. Mkuu wa ukoo si lazima awe ndiye mwalimu wa kila siku. Ukoo unashika jina, magombo na kiapo; ufundishaji unaweza kukabidhiwa mwalimu mkuu, anayeitwa shihan, asiye wa damu hiyo. Mrithi akiwa mtoto au mgonjwa, kazi haisimami. Jambo hili ndilo lililokiokoa chuo tangu zama za Meiji (swali la 11).

10. Ni kweli Tsukahara Bokuden na Miyamoto Musashi walisoma hapa?

Bokuden ana uhusiano wa kweli, ila si kwa mkono wa Ienao: alizaliwa mwaka 1489, mwaka mmoja baada ya mzee kufariki. Alikuwa mtoto wa Kashima, akalelewa na ukoo wa Tsukahara, na baba huyo mlezi ndiye aliyekuwa na elimu ya Katori. Bokuden akachanganya ya Katori na ya Kashima aliyozaliwa nayo, ukatoka mkondo unaoitwa Kashima Shinto-ryu, ambao nao uko hai. Alifariki mwaka 1571.

Musashi, hapana. Yeye alikuwa na mkondo wake, Niten Ichi-ryu, na alifariki mwaka 1645. Mkanganyiko unatokana na kwamba Katori nao wana kata za panga mbili, mkono huu na huu.

11. Nini kilitokea samurai walipofutwa?

Mwaka 1876 serikali ya Meiji ilipiga marufuku kubeba upanga hadharani. Mara moja elimu yote hii ikawa haina kazi, na vijana wakataka bunduki, shule za kisasa na kazi za mjini. Katori pakabaki kikundi cha wazee waliokuwa wakifundishana mashambani. Mwalimu Yamaguchi Kumajiro alikuwa nguzo ya kipindi hicho, na mwanafunzi wake Hayashi Yazaemon (1892 hadi 1964) akaupokea mzigo.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Kano Jigoro, yuleyule wa judo, alianza kuogopa kwamba mikondo ya kale itapotea, akaita walimu wa Katori waje Kodokan, makao ya judo huko Tokyo, wawafundishe vijana wake. Mmoja wa vijana hao alikuwa Sugino Yoshio (1904 hadi 1998). Alikuwa na dojo yake Kawasaki, akaja kujifunza pia aikido kwa Ueshiba Morihei, na miaka ya 1950 akawa anawafundisha waigizaji wa filamu za samurai kushika upanga kama watu wanaoujua. Tawi lake ndilo lililosambaa sana Ulaya.

Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, kijana wa miaka 16 aitwaye Otake Risuke aliingia kwa Hayashi. Baada ya Japani kushindwa mwaka 1945, majeshi ya Marekani yaliyoikalia nchi yalizuia mafunzo ya kivita mashuleni, na panga nyingi zikakusanywa. Mazoezi ya Katori hayakuzimika. Tarehe 3 Juni 1960 mkoa wa Chiba ulikitangaza chuo kuwa urithi wa utamaduni usioshikika, mara ya kwanza kwa sanaa ya kivita kupewa heshima hiyo. Otake akawa mwalimu mkuu, akafundisha Narita kwa zaidi ya nusu karne, akafariki mwaka 2021 akiwa na miaka 95.

12. Mwanafunzi wa kwanza asiye Mjapani alikuwa nani?

Anayetajwa ni Donn Draeger (1922 hadi 1982), Mmarekani aliyekuwa askari wa jeshi la majini na mcheza judo. Alikula kiapo kama mwanafunzi yeyote na akasoma kwa Otake. Maandishi yake ndiyo yaliyoufungulia ulimwengu wa nje macho kwamba nyuma ya karate na judo kuna kitu kikongwe zaidi.

## Kinachofundishwa

13. Mtaala wake ukoje?

Mwanafunzi huanza na kata nne za nje za upanga, zinazoitwa omote no tachi. Yuko miaka kwenye hizo nne tu. Baadaye huja kata tano za gogyo, kisha tatu za ndani kabisa. Kuna panga mbili, kata nne; upanga mfupi, kata tatu; fimbo dhidi ya upanga, sita za nje na sita za ndani; naginata, nne za nje na tatu za ndani; na mkuki. Iaijutsu, sanaa ya kuchomoa upanga alani na kukata kwa mwendo mmoja, ina kata 16. Juu ya hayo kuna mieleka, visu vya kurusha, ujenzi wa ngome, upangaji wa majeshi, na elimu ya nyota na ardhi. Kamanda alitakiwa ajue upepo utageuka lini, na mto unavukika wapi.

Iai yao niliitazama kwa karibu mara moja, na kuna kitu hakijanitoka. Mtu huketi goti moja limeinuliwa, maana mwenye deraya hawezi kukalia visigino. Akimaliza kukata, huuzungusha upanga kwa mkono mmoja, kisha huupiga mpini kwa ngumi ya mkono uleule, tap, kuondoa damu ya adui asiyekuwepo. Mlio ule mdogo, baada ya ukelele na miruko, uliufanya ukumbi mzima unyamaze.

14. Kwa nini kata ni ndefu hivyo, na mbona wanagonganisha mapanga? Si yangekatika?

Swali zuri, na jibu lake ndilo siri inayosemwa waziwazi. Kata za vyuo vingi zina hatua mbili au tatu na mtu amekufa. Za Katori ni ndefu, pande mbili zikibadilishana mapigo bila kupumzika, kwa sababu askari wa karne ya 15 alipigana amebeba deraya nzito na alihitaji pumzi. Urefu hujenga pumzi na miguu.

Kugonganisha nako ni pazia. Unapoona mtu amekinga pigo kwa ubavu wa upanga wa mti, katika hali ya kweli hapo hakuna kukinga: angekuwa amemkata mwenzake kifundo cha mkono, au shingo, au kwapa, au ndani ya paja, penye mwanya wa deraya. Umbali umeongezwa kidogo ili wote wawili warudi nyumbani na vidole vyao, na ili mtazamaji anayepita aone mlio wa mbao tu. Maelezo ya pigo halisi huja baadaye, mdomoni mwa mwalimu.

Hata namna ya kuinua upanga ina sababu. Hawainui wima juu ya utosi. Huuzungusha karibu na bega na kichwa kabla ya kushusha. Ukivaa kofia ya chuma yenye pembe na mapambo ya mbele, utaelewa mara moja.

15. Kama hakuna mikanda, mtu anapandaje?

Kwa hati. Ya kwanza ni mokuroku, orodha ya mafunzo aliyoyapokea. Ya pili ni menkyo, ruhusa. Ya mwisho ni gokui kaiden, kwamba amekabidhiwa mpaka ya ndani. Waliosoma vyuo vya dini watalielewa hili kwa neno moja: ni ijaza. Haisemi “huyu ni hodari”. Inasema “huyu amesoma kwangu kitu hiki, nami nimemruhusu akifundishe”. Na nyuma ya kila ijaza kuna silsila, majina yanayorudi nyuma mpaka kwa Ienao.

16. Kiapo cha damu ni cha kweli?

Ni cha kweli, na kinaitwa keppan. Anayeingia huandika jina lake, hujichoma kidole, na kutia damu yake kwenye hati. Hukiri mambo manne. Hatatoa nje mafunzo ya chuo, hata kwa ndugu zake. Hatatumia sanaa hii kugombana. Hatacheza kamari wala kwenda mahali pa aibu. Na hatapambana na mtu wa chuo kingine bila idhini.

Sharti la kamari huwashangaza vijana. Fikiria: mcheza kamari ana madeni, mwenye madeni ananunulika, na anayenunulika atauza siri. Wazee wa Katori walikuwa wanaziba tundu kabla panya hajaingia.

17. Wanafundisha uninja?

Wana elimu ya mambo ya majasusi, ndiyo: wanavyoingia nyumbani, wanavyojificha, wanavyopeleka habari. Hufundishwa ili mlinzi aweze kumtambua na kumzuia. Hakuna mavazi meusi.

## Maswali ya pembeni

18. Mimi ni Mwislamu (au Mkristo). Kuna ibada ndani yake?

Sitakuficha. Dojo huwa na kijihekalu ukutani, na mazoezi huanza na kuisha kwa kuinamia upande huo. Kiapo cha swali la 16 hutaja miungu, Futsunushi na Marishiten, kuwa ndio watakaomwadhibu mvunjaji. Katika mafunzo ya ndani mna ishara za vidole na maombi yaliyotoka kwenye Ubudha wa siri wa Kijapani. Wapo wanaoyachukua kama adabu ya kuheshimu waliotangulia. Wapo wanaoona dhamiri haiwaruhusu. Yajue kabla hujatia kidole damu, uongee na mwalimu ana kwa ana, na ukiona huwezi, kaa na historia yake kama nilivyokaa mimi muda mrefu. Kula kiapo huku moyoni unakikana ni kuwadanganya watu wawili.

19. Kata ziko kwenye video. Siwezi kujifunza humo?

Utajifunza mwendo wa mikono. Rudi swali la 14: kinachoonyeshwa hadharani ni zile za nje, na pigo lenyewe limefichwa ndani ya lile unaloliona. Kwenye kata pia, anayepokea mapigo na kuonekana anashindwa kwa kawaida ndiye mkubwa. Yeye ndiye anayempimia mdogo kasi na umbali, akimvuta kidogo kupita uwezo wake. Kioo cha simu hakikupimii umbali.

20. Wanawake wanakubaliwa?

Ndiyo. Wapo wanaosoma mtaala wote, upanga hadi mkuki.

21. Mtu anadai anafundisha Katori Shinto-ryu mjini kwetu. Nitajuaje?

Muulize maswali matatu, kwa adabu. Mwalimu wako ni nani? Ulikula kiapo wapi, mbele ya nani? Nani amekuruhusu kufundisha? Mtu wa kweli hatakasirika. Mnyororo wake ndio fahari yake, ataukutajia jina kwa jina. Wengi wenye ruhusa ndogo watakuambia wenyewe: “mimi nina kikundi cha mazoezi tu, mwalimu wangu yuko mahali fulani.” Hiyo ni dalili njema. Anayekuonyesha mkanda mweusi wa dani ya kumi ya Katori amekuonyesha kitu ambacho chuo hakina (swali la 15).

Jua pia kwamba kuna matawi zaidi ya moja, la Otake na la Sugino yakiwa ndiyo yanayojulikana zaidi nje, na kata zao hutofautiana kidogo katika mwendo. Tofauti hiyo pekee si ushahidi wa udanganyifu.

22. Mbona panga zao za mti hazina kikingamkono?

Ndivyo zilivyo kwa desturi ya chuo, tena zimenyooka zaidi kuliko zile za kendo. Ukikosa kinga ya mkono, unajifunza mapema mahali pa kuweka vidole.

23. Naweza kwenda kupaona?

Hekalu la Katori liko wazi kwa kila mtu. Jengo kuu la sasa, lenye rangi nyeusi ya laka, lilijengwa mwaka 1700 kwa amri ya shogun (mtawala wa kijeshi) Tokugawa Tsunayoshi. Dojo ya ukoo ni nyumba ya watu, kwa hiyo usiingie bila kualikwa. Lakini ndani ya msitu wa hekalu, chini ya mierezi, utalikuta kaburi la Ienao. Na humohumo msituni kuna jiwe la kaname, kichwa chake tu kikichungulia ardhini, ambalo husimuliwa limemkandamiza chini samaki mkubwa anayeleta matetemeko. La Katori lina mgongo wa mviringo. Mwenzake wa Kashima, ng’ambo ya mto, amebonyea katikati.